Tupeane uzoefu: maneno ya Kihispania yanayofanana maana

Mleta uzi: Wakuu, leo kuna mtu kaandika "peces con arroz" akimaanisha samaki kwa wali, nikaona tuliongee. Samaki akiwa hai majini ni pez. Akishavuliwa, sokoni hadi sahanini, ni pescado. Ila pez espada hubaki pez hata akichomwa. Leteni mengine.

Kipanga: Rincón na esquina. Kona ya chumba ukiwa ndani ni rincón. Kona ya mtaa, au ya meza inayokugonga paja, ni esquina.

Winga wa Kulia: Mbona mpira wa kona ni saque de esquina na mpigaji yuko ndani ya uwanja?

Kipanga: Uwanja hauna kuta mkuu. Rincón inataka kuta mbili zikutane.

Winga wa Kulia: Basi sema kuta tangu mwanzo, siyo ndani na nje.

Nesi wa Zamu: Jamani kona haiui, njooni kwenye sikio. Oreja ni sikio la nje, panapotobolewa hereni. Oído ni sikio la ndani, na pia uwezo wa kusikia. Mgonjwa akisema "me duele la oreja", atakaguliwa ngozi tu wakati usaha uko ndani. Aseme "me duele el oído". Na hatari kubwa iko kwenye chupa: vía ótica ni ya sikioni, vía oftálmica ndiyo ya jichoni. Watu wanaona ótica, wanakumbuka óptica, duka la miwani, wanadondoshea jichoni! Baadhi ya dawa za sikio zina spiriti au asidi, zinaunguza. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Mama Pili: Uzi umefungwa hapa. Asante dada.

Kipanga: Hii ya ótica/óptica iwekwe juu kabisa.

Msafiri: Tiketi je? Nataka ya treni.

Kamusi Hai: Hispania omba billete, boleto kwao ni ya bahati nasibu. Meksiko omba boleto; billete ni noti. Ya sinema, Hispania ni entrada. Dawa ni kukariri neno ndani ya sentensi nzima.

Winga wa Kulia: Sentensi zitakujaa kichwani bure. Fungua kamusi ya Real Academia Española, chuo cha lugha ya Kihispania, mtandaoni, hailipiwi, soma maana ya kwanza.

Kamusi Hai: Ya kwanza tu? Fungua billete uone kama itakutosha Hispania na Meksiko.