Fundi ananiuzia klorini miezi mitano, kumbe maji ya bwawa hayazunguki!

Wakuu leo sina salamu ndefu, nimetoka bwawani sasa hivi suruali imelowa mpaka magotini na hasira zangu ziko juu, nisomeni tu hivyo hivyo.

Nina bwawa la nyumbani, sio kubwa, mita 9 kwa 4 na kina cha wastani mita moja na nusu, yaani kama lita 54,000. Kuna jamaa anakuja kila wiki kulihudumia. Huduma yenyewe sasa: anapitisha wavu juu juu anaokota majani, anamwaga klorini, anapiga picha, huyo kaondoka. Dakika 20 nyingi. Miezi mitano. Na miezi mitano hiyo hiyo maji yanazidi kuharibika, mara yana ukungu kama yametiwa sabuni, mara kuta zinateleza, mara ile kona ya nyuma ya ngazi inaota kijani. Kila nikimuuliza, "boss ongeza dawa". Naongeza. Wiki ijayo "boss kuna dawa kali zaidi". Nanunua. Juzi ndo kaja na kubwa kuliko, kaniita kwenye geji ya filta, mshale uko kwenye 6 (psi), ananiambia unaona boss presha imekufa, hii pampu imechoka, nunua mpya.

Nikasema kabla sijatoa hela ya pampu ngoja nifungue mwenyewe nione. Nikazima umeme kule kwenye swichi kubwa, nikafunga valvu, nikazungusha ule mfuniko wa plastiki wa mbele ya pampu unaoonyesha ndani. Kwanza haukuwa unaonyesha kitu maana umejaa uchafu. Wakuu, kile kikapu cha ndani kilikuwa kiota cha ndege! Majani yameoza yamekuwa tope jeusi, nywele zimejisokota kama kamba, na katikati kuna kibanio cha nywele cha binti yangu ambacho kilipotea likizo iliyopita, tulikitafuta nyumba nzima. Likizo iliyopita!! Maana yake huyu bwana hajawahi kugusa kile kikapu tangu kipindi hicho, wakati ni kitu cha kufungua kila wiki, na kile cha kwenye skima, ule mdomo unaonyonya maji ya juu pale ukingoni, ndo hata kila siku mbili kama una miti karibu.

Raba ya mfuniko nayo imepasuka na kapaka mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini. Raba ile inapakwa grisi ya silikoni, mafuta ya mgando yanaivimbisha na kuimaliza. Ikishapasuka pampu inavuta hewa badala ya maji, ndo maana kwenye matundu ya kurudisha maji kulikuwa kunatoka mapovu muda wote na watoto wanashangilia wanadhani ni jakuzi. Na mimi nilikuwa nacheka nao, mjinga mimi.

Sasa sikilizeni utamu ulipo. Nimesafisha kikapu, nimebadilisha raba, nimejaza maji pale kwenye pampu mpaka juu ndo nikafunga mfuniko, nikafungua valvu na kuwasha. Ule mshale uliokuwa 6 ukapanda moja kwa moja mpaka 24. Ishirini na nne! Yaani pampu nzima kabisa, ilikuwa inanyongwa tu, haipati maji ya kusukuma ndo maana presha ilikuwa chini. Ilipopata maji ndo ikaonekana kumbe na filta nayo imeziba, mchanga umejaa uchafu maji hayapiti. Nikazima pampu, nikazungusha ule mkono wa valvu ya filta kwenda kwenye kuosha mchanga, nikawasha. Maji yaliyotoka kwenye bomba la taka yalikuwa ya mtaro. Dakika tatu nzima ndo maji kwenye kile kioo kidogo cha kuchungulia pale kwenye valvu yakaanza kuwa meupe. Nikazima tena, nikaweka kwenye kusuuza dakika moja ili uchafu uliobaki usirudi bwawani, nikazima, nikarudisha kwenye filta. Mshale: 13. Nimechukua maka nimeandika 13 pale pale kwenye tenki, siku ukifika 21 au 23 hivi naosha tena. Hiyo ndo kanuni, ikipanda kwa 8 mpaka 10 juu ya ile ya usafi unaosha, sio unaita mtu akuuzie pampu.

Bado. Matundu yale ya kurudisha maji yana vile vijicho vinavyozunguka. Vyote vitatu vilikuwa vimeangalia juu, maji yanarukaruka yanapendeza kwenye picha zake, chini huko maji yamelala. Nimevigeuza vyote viangalie upande mmoja na kuinama kidogo, maji sasa yanatembea kwa duara, majani yenyewe yanajipeleka kwenye skima bila wavu. Na ile kona ya kijani nyuma ya ngazi jibu lake ni hilo hilo, mkondo haufiki pale, klorini utamwaga mpaka uchoke haitafika, pale inabidi brashi kila wiki.

Halafu taima. Kaiweka masaa matatu kwa siku, "boss nakuokolea umeme". Pampu yangu ikiwa na afya inasukuma lita 9,000 kwa saa, piga hesabu, bwawa zima linataka masaa sita kupita mara moja, na hapo napo sio kila tone limepita filta sababu maji yanachanganyika. Kwa masaa matatu na kikapu kile sidhani hata robo ilikuwa inapita. Nimeweka manane. Na maji nimeongeza yafike nusu ya mdomo wa skima maana yalikuwa yameshuka mpaka inagugumia hewa, kitu ambacho kipofu angekisikia.

Vipimo vya dawa vyenyewe sina ugomvi navyo, hata pH, ule uchachu wa maji, iko 7.4. Ndo kinachoniuma, dawa ilikuwepo muda wote, imekaa sehemu moja tu.

Nimempigia picha kile kikapu na kibanio nikamtumia. Tiki mbili za bluu, kimya.

Sasa naombeni msaada kwa kitu kimoja. Valvu ikiwa kwenye filta bado kuna maji yanachuruzika kwenye bomba la taka, kidogo kidogo lakini hayakati. Nahisi ile raba ya ndani yenye matawi imehama au imekatika, na nina uhakika ni yeye maana nimeshamwona zaidi ya mara moja anazungusha ule mkono pampu ikiwa inawaka. Aliyewahi kuifungua aniambie, ni ya kujifanyia mwenyewe au niite mtu? Na huyo mtu akija nasimama naye pale pale pembeni mwanzo mwisho, simu zake za picha abaki nazo mfukoni.