Konvolusheni kwa FFT inaharibu sampuli ya kwanza, naombeni ushauri

Mchuja_Sauti: Wakuu, sampuli zangu ni 1, 2, 3, 4 na kichujio ni 1, 1. Nikizidisha FFT zao (hesabu ya haraka ya kugeuza sampuli kuwa masafa) za urefu wa 4 kisha nikarudisha, napata 5, 3, 5, 7. Konvolusheni (kupitisha kichujio juu ya sampuli, ukizidisha na kujumlisha) kwa mkono inatoka 1, 3, 5, 7, 4. Naambiwa jibu liko kwenye aljebra dhahania, ila sioni pete (mfumo wa kujumlisha na kuzidisha) na mawimbi vinakutana wapi.

Baki_Sifuri: Msimbo wako mzima, mkuu. Andika sampuli kama polinomia: 1 + 2x + 3x² + 4x³. Kichujio ni 1 + x. Zao lake: 1 + 3x + 5x² + 7x³ + 4x⁴. Sasa FFT ya urefu wa 4 inaishi kwenye pete ambamo x⁴ − 1 ni sifuri, yaani x⁴ = 1. Ile 4x⁴ inageuka 4 tupu na kuiangukia 1 ya mwanzo. Ndiyo hiyo 5 yako.

Kwa nini x⁴ − 1? Inagawanyika kuwa (x − 1)(x + 1)(x − i)(x + i), na FFT ni kuweka mizizi hiyo minne mahali pa x, basi. Kanuni ya Mabaki ya Kichina inahakikisha thamani nne zinatosha kuirudisha polinomia, lakini ni baki lake tu la kugawanya kwa x⁴ − 1 linalorudi.

Dawa: urefu usipungue 4 + 2 − 1 = 5. Chukua 8, jaza sufuri kabla ya FFT, kwenye sampuli na kwenye kichujio. Ukijaza baada ya kuzidisha, umeshachelewa.

Antena5: Mzunguko huo, wa mwisho kurudi mwanzoni, si ugonjwa kila mahali. 4G inautaka: kwenye sampuli 2048 za alama moja (kipande kimoja cha mawimbi), 144 za mwisho hunakiliwa na kutangulizwa mbele, kama mikrosekunde 4.7. Mwangwi ukiisha ndani ya muda huo, konvolusheni ya njia ya mawimbi hewani inakuwa ya mzunguko, na simu inasawazisha kwa kugawa tu, masafa kwa masafa.

Mchuja_Sauti: Nimeelewa, asanteni. Na hizi 2.9999999 badala ya 3?

Baki_Sifuri: Achana na namba changamano, hesabu kwa mabaki ya kugawanya kwa namba tasa. Kwa 17 mzizi wa kushika nafasi ya i ni 4, maana 4² = 16, sawa na −1. Ukiweka 1, 4, 16 na 13 mahali pa x, sampuli zako zinakuwa 10, 7, 15, 6. Kichujio 2, 5, 0, 14. Zao 3, 1, 0, 16. Kurudi, mzizi ni 13, na kugawa kwa 4 nako ni kuzidisha kwa 13. Unapata 5, 3, 5, 7 bila desimali. Kwa urefu wa 8 mzizi ni 2.

Angalia mambo mawili: urefu ugawe p − 1 bila baki (p ni hiyo namba tasa, hapa 17), na hakuna jibu linalofika p. Likifika, 20 itasomeka 3 kimyakimya. Kwa sauti ya biti 16 hata 998244353 haitoshi, kwani −32768 mara −32768 ni 1073741824. Tumia namba tasa mbili, uunganishe kwa kanuni ileile ya Wachina.