"Inaingia hiyo kaka, chukua": nimetumia milioni 1.8 kuunda kompyuta ya gemu, inazimika kila nikifungua gemu

Wakuu, nimevumilia wiki tatu. Leo naomba mnisikilize.

Mwezi uliopita nilienda Kariakoo na shilingi milioni 1.8 nilizodunduliza tangu mwaka jana. Sikwenda kichwa kichwa. Nilikuwa na karatasi: prosesa Ryzen 5 5600, RAM ya DDR4 GB 16, kadi ya picha RTX 3060. Mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) na pawa saplai (inayogawa umeme kwa vipande hivyo) sikuzijaza. Niliamini mtu anayeshinda anauza vitu hivi atanichagulia vizuri kuliko mimi. Nikamsomea muuzaji karatasi yote, nikamwambia wazi kwamba kazi yake ni gemu.

Akashusha mazabodi ya aina ya B450 kutoka rafu ya juu, boksi lina vumbi la kufuta kwa mkono. "Hii AM4, na prosesa yako AM4. Inaingia hiyo kaka, chukua."

AM4 ni aina ya soketi, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. Iliingia kweli. Pini zote zilikaa, na mkono wa soketi ulifunga bila kulazimisha. Nikawasha: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Nikachomoa RAM na kujaribu kijiti kimoja kimoja. Nikabadilisha waya wa HDMI. Nikatoa ile betri ndogo ya BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta), nikasubiri, nikairudisha. Siku mbili sijalala vizuri, nikidhani nimeua prosesa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikarudi dukani. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hata kuangalia tu alikataa.

Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenifumbua macho. B450 zilianza kutoka mwaka 2018. Prosesa za Ryzen 5000 zilianza kuuzwa Novemba 2020. Mazabodi iliyotoka kiwandani kabla ya hapo ikakaa kwenye boksi haiijui prosesa yangu, hata kama soketi ni ileile. Lazima BIOS yake isasishwe kwanza. Na mazabodi kama yangu, ambayo haina kitufe cha kusasisha bila prosesa, inataka uipachike prosesa ya zamani ndipo uifanyie kazi hiyo. Sasa mtu anayeunda kompyuta yake ya kwanza ataitoa wapi prosesa ya pili? Fundi alikuwa na Ryzen 3 ya zamani kwenye droo. Akaipachika, akachomeka flashi, dakika kumi kazi ikaisha. Nilimlipa 30,000. Muuzaji ana rafu nzima ya prosesa na alishindwa kunifanyia hicho kitu kabla sijatoka mlangoni!

Nikadhani yamekwisha. Nikafungua gemu, dakika ya tatu kompyuta ikazimika puu. Nikawasha tena, ikazimika tena.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu la BIOS mtu anaweza kusema hakujua. Pawa saplai aliyoniuzia imeandikwa 500W ubavuni kwa herufi kubwa nyekundu. Fundi akaigeuza, akaniambia nisome lile jedwali dogo. Mstari wa +12V: ampea 16. Zidisha mwenyewe, 12 mara 16 ni wati 192. Kadi yangu peke yake inakula wati 170, prosesa ikibanwa inapita 70, na vyote viwili vinakula kwenye mstari huohuo wa volti 12. Hapo hujaweka feni wala diski. Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 3060. Ile 500 ya ubavuni ni uongo uliochapwa kwenye stika.

Na alijua. Kadi inataka waya wa pini 8, pawa saplai ile haina. Badala ya kuniambia haifai, akatoa kwenye droo waya wa kuungia unaochukua umeme kwenye vichomeko viwili vya diski za zamani. "Tumia hii, wote wanatumia." Fundi alipouchomoa, plastiki ya kichomeko kimoja ilikuwa imeanza kulainika na kubadilika rangi. Kompyuta hiyo iko chumbani ninapolala na mdogo wangu wa miaka tisa.

Najua kuna watakaosema ningesoma mwenyewe. Sawa, sasa nimesoma, na kwa anayejipanga kununua: ingia tovuti ya aliyetengeneza mazabodi, tafuta orodha ya prosesa inazokubali, uone kila moja inaanzia toleo gani la BIOS. Muuzaji akuwashie hapohapo uone picha. RAM ya DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 lakini ule mkato mdogo kati ya pini hauko sehemu moja, kwa hiyo ikikataa usiisukume. Pawa saplai soma mstari wa +12V, namba kubwa ya ubavuni achana nayo.

Lakini mimi sikununua nyanya za kujichagulia kwenye fungu. Nilimweleza mtu kazi ninayotaka, akanichagulia, akapokea hela. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inajua hali hiyo: ukimweleza muuzaji kazi ya kitu na ukategemea ujuzi wake, kitu kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Maandishi ya chini ya risiti hayawezi kugeuza wati 192 kuwa 500.

Risiti ya EFD ninayo. Picha za stika na ule waya ulioanza kulainika ninazo. Jumatatu narudi dukani kudai hela ya pawa saplai na ile 30,000 ya fundi. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi kama hii, naomba aniambie alianzia wapi na alikwenda na vielelezo gani.