Kilimo cha mkataba: kinamkinga mkulima wa mpunga au kinamfunga?

Mpembuzi:
Ndugu zangu, mavuno yanakaribia kwenye mabonde ya mpunga ya Usangu na Kilombero hapa Tanzania, na swali la kila mwaka limerudi. Mkulima anakopeshwa mbegu ya SARO 5, mbolea na dawa ya magugu, kisha analipa kwa mpunga, kwa bei iliyoandikwa kabla hajasia kitalu. Mimi naona mpango huu unamkinga, kwa sababu mwezi Juni watu wote huvuna kwa pamoja, bei huanguka, na mwenye ada ya shule hana namna ya kungoja Desemba. Hatujasahau mwaka 2013, mchele wa nje ulipoingia bila ushuru na bei ikaporomoka maghala yakiwa yamejaa. Kasoro kubwa naiona kwa wakulima wenyewe, ambao wakishatumia mbolea ya watu hutorosha mpunga usiku kwa mnunuzi mwingine.

Mwana-Igurusi:
Nimesoma hoja yako yote, Ndugu Mpembuzi, lakini hilo la kutorosha usiku limenikaa kooni. Mwizi unayemsema ni mimi. Nililima ekari tatu kwa mkataba, na siku ya kupima wanunuzi walikuja na magunia yao bila mizani. Gunia tulilokubaliana kuwa la debe sita lilimeza debe saba, kisha likashonewa lumbesa juu, kile kilemba cha mpunga kinachozidi mdomo wa gunia. Bei waliiheshimu, hawakuipunguza hata shilingi. Walichobadilisha ni gunia. Mpunga uliobaki niliupeleka kwenye mashine ya kukoboa saa saba mchana, jua likiwaka, na kila mtu aliniona.

Mpembuzi:
Sikumtaja mtu, ila umekiri mwenyewe. Lumbesa ni kosa kisheria, na mlango wa kubisha ulikuwa wa Wakala wa Vipimo, si wa mashine ya kukoboa.

Bi Mashine:
Kwa kuwa mashine imetajwa mara mbili kana kwamba ni pango la wezi, naomba niseme kama mmiliki wa mojawapo. Sijawahi kumfuata mkulima wa mtu usiku. Wao hunijia pale bei yangu inapopita ya kwenye karatasi. Lakini mbona hamsemi habari za mwaka ambao bei ya soko iko chini ya karatasi? Mwaka huo mkulima hukaa na magunia barazani akingoja lori, akipiga simu anaambiwa mpunga wake una unyevu, akipiga tena haipokelewi. Mpembuzi ameutaja 2013, nami namrudisha hukohuko. Kule Mngeta, Kilombero, wakulima waliolizunguka lile shamba kubwa la mpunga la kampuni walifundishwa kilimo shadidi, yaani kupanda miche michanga kwa nafasi na kwa maji machache, na kukopeshwa pembejeo, na mavuno kwa ekari yalipanda. Bei ilipoanguka wengi walibaki na madeni, na shamba lenyewe baadaye likazama katika madeni yake.

Mpembuzi:
Shangazi, lori lisilokuja ni mkataba uliovunjwa, na aliyevunjiwa anaweza kwenda mahakamani.

Bi Mashine:
Kwa nauli ya nani, mwanangu?

Mtoto wa Mwea:
Nawasalimu kutoka Mwea, Kirinyaga, nchini Kenya. Naomba mlitumie neno «kutorosha» kwa uangalifu, maana huku kwetu lina kaburi. Chini ya sheria ya umwagiliaji ya 1966, Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ilitupa maji, trekta na mbolea, na mkulima mwenye ekari zake nne alilazimika kupeleka mpunga wake kwa bodi, kwa bei ya bodi, akiachiwa magunia machache ya kula. Aliyeuza pishori, mchele wetu wa kunukia, nje ya bodi alikamatwa kama mfanya magendo. Mwaka 1998 wazee wetu walichoka, wakaupeleka mpunga kwenye chama chao cha ushirika, na Januari 1999 vijana wawili waliuawa kwa risasi za polisi.

Mpembuzi:
Pole sana kwa hayo. Hata hivyo, ile ilikuwa serikali na wapangaji wa mashamba yake, wala si kilimo cha mkataba, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa kama anakubali.

Mtoto wa Mwea:
Na Mwana-Igurusi aliulizwa kuhusu debe la saba?

Karani wa Ushirika:
Waheshimiwa, tunabishana kuhusu nani mwizi, ilhali swali lilihusu hatari. Bei inaweza kutengenezewa dawa: mkataba utiwe sahihi na chama, si na mkulima mmoja mmoja, na uweke bei ya chini isiyoshuka, pamoja na nyongeza soko likipanda. Tena tangu sheria ya 2005 tunayo stakabadhi ghalani, ambayo inamwezesha mtu kuhifadhi mpunga wake, kukopa kwa dhamana yake na kungoja. Mimi kinachoninyima usingizi ni maji. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, kila mtu anamtazama mkulima wa Usangu kwa jicho baya, na mfereji ukifungwa mpunga ukiwa unatoa masuke hakuna mavuno. Lakini deni la mbolea linabaki palepale. Bei ya uhakika kwa mpunga usiokuwepo ni shilingi ngapi? Mwenye nakala ya mkataba atuwekee hapa kifungu cha ukame.

Mpembuzi:
Hoja nzuri. Naamini kifungu hicho huwemo, kwani kampuni makini haiwezi kukisahau.

Mwana-Igurusi:
Wangu ninao. Una kurasa tano za Kiingereza, na ukurasa wa sahihi pekee ndio wa Kiswahili. Binti yangu wa kidato cha tatu ameusoma mara mbili jioni hii, mimi nikimshikia taa. Unyevu usiozidi asilimia 14 umo. Kulipa deni lote kumo, na kuzuiwa kuuza kwingine kumo, kwa herufi nzito. Ukubwa wa gunia haumo. Ukame ameutafuta hadi kwenye maandishi madogo ya chini, haumo.