Tupeane uzoefu: jaribio au pepa gani ilikutoa (au ilikubakiza) kwenye sayansi? Mabinti hasa

Mama Kidato (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Jana nimeinamia simu natafuta namba ya binti yangu kwenye matokeo ya kidato cha pili. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi: "Mama usijali, Fizikia nikifika cha tatu naidondosha." Kasema kwa raha, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Nilipombana, akasema ticha wao husoma maksi darasani kuanzia wa mwisho, na msichana akitokea juu anauliza, "Huyu kadesa kwa nani?" Nikajikumbuka mwenyewe. Dada zangu, na kaka wenye adabu, mwageni stori.

ChapatiYaMoto
Kuanzia wa mwisho! Kumbe hawajaacha? Naweka kambi hapa.

Binti Pongwe
Mleta uzi umenitonesha kidonda. Nilisoma shule ya kata, mchanganyiko. Maabara chumba kimoja, bureti (mirija mirefu ya kioo yenye vipimo na bomba la kufungia chini) nzima nne, ya tano inavuja. Darasa watu sitini na kitu, kwa hiyo kila praktiko tunagawanywa makundi. Langu lilikuwa na wavulana watatu wenye mikono myepesi. Wao wanashika bureti, wao wananyonya pipeti, ule mrija wa kupimia kimiminika, mimi naletewa daftari: "Wewe una mwandiko mzuri, chora jedwali." Nilichora majedwali miaka miwili, mistari imenyooka kwa rula. Mwalimu anapita, anatia vema, kundi zima 18 kati ya 20. Na mimi najiona mkemia.

Ikaja moko ya mkoa, mtihani wa majaribio, kila mtu na meza yake. Asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa, kiashiria POP, ile dawa inayokuwa ya waridi kwenye besi. Unadondosha asidi kidogo kidogo, rangi ikipotea tu unafunga. Ndipo nikagundua sijawahi kufungua lile bomba la bureti kwa mkono wangu hata siku moja. Sijui linazungukia wapi. Nikanyonya pipeti, besi ikanifika mdomoni, ule utelezi wa sabuni, nikatema kwenye leso. Nikadondosha POP, ikawa waridi safi kabisa, moyo ukatulia. Nikafungua bomba, likafunguka lote. Waliofanya wanajua: POP ikishapoteza rangi haikwambii umepitiliza matone mawili au nusu bureti, unaona maji tu. Nakuja kufunga, iko kwenye mililita 41. Nikarudia. Nikibana, halitoki hata tone. Nikilegeza, imepita tena.

Msimamizi akasimama nyuma yangu akamwambia mwenzake kwa sauti, "Hawa ndio madaktari wetu wa kesho." Wakacheka. Mkono ukaanza kutetemeka, nikaigusa vibaya, bureti ikachomoka kwenye klampu iliyoishika ikaenda chini. Chumba kizima kimya. Halafu nasikia mmoja wa wale wavulana wa kundi langu: "Ndo maana tulimpa daftari."

Nilibuni namba. 24.50, 24.60, 24.50. Jedwali langu nadhani lilikuwa zuri kuliko yote mkoani. Nikala maksi saba na bureti nikalipishwa, baba alilipa kwa awamu mbili. Cha nne Kemia nikatoka na D, nikaenda zangu HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Mpaka leo nikipita duka la vifaa vya maabara naangalia pembeni.

ChapatiYaMoto
"Ndo maana tulimpa daftari." Nimeacha hata kula.

Fundi Bomba
Dada pole. Ila bureti mlilipa shilingi ngapi?

Mzee wa Kijiwe
Huyo mvulana yuko wapi tumtafute. Huenda yumo humu anasoma.

Profesa Majani
Tuseme ukweli, wasichana wengi hawataki kujisumbua. Mbona Baiolojia mnafaulu? Msisingizie walimu.

Kibirikizi
Baiolojia kuna iodini ya kupimia wanga na kipande cha kiazi, kila mtu anadondosha lake. Hakuna wa kukunyang'anya kiazi. Umejijibu mwenyewe.

Profesa Majani
Mimi nimemaliza cha nne 2012 na sikulialia.

Mzee wa Kijiwe
2012? Mwaka ule wa sifuri, matokeo yakafutwa yakapangwa upya? Mkuu wewe ulibebwa.

Profesa Majani
SIKUBEBWA. Divisheni three yangu nilikuwa nayo tangu matokeo ya kwanza.

Kibirikizi
Three ndiyo unatutangazia hapa? Haya, turudi kwenye mada.

Ticha wa Chaki
Nafundisha Fizikia, naomba msinipige mawe. Mikondo mitatu, watoto 70 kila mkondo, kila mwisho wa mwezi karatasi 210. Kwa hiyo nilikuwa nasahihisha jibu la mwisho tu. Mwaka jana mwenzangu alinisaidia rundo moja, akanirudishia karatasi kadhaa, nyingi za mabinti: mchoro wa nguvu sawa, fomula sawa, wamesahau tu kugeuza sentimita kuwa mita. Mimi nimeweka yai. Wakati Baraza la Mitihani lenyewe linatoa maksi za hatua! Mmoja wao alikuwa na 26, alipopewa hatua zake akafika 38, kutoka F hadi D. Ila alishaniambia hataki tena Fizikia. Sasa natoa maksi za hatua. Kusoma maksi kwa sauti sijaacha lakini, wavulana wasipoaibishwa hawasomi.

Binti Pongwe
Ticha ulianza vizuri jamani.

Wa Likoni
Huku Kenya majina yalibandikwa ubaoni, nambari moja hadi ya mwisho, kila somo. Mimi Kemia nilikuwa nambari tatu. Lakini nilikuwa nangoja giza liingie ndio niende kuisoma ile orodha, maana ukionekana pale mchana na uko juu, wasichana wenzako wanakununia wiki nzima. Muhula uliofuata nikaacha makusudi maswali mawili ninayoyajua. Nikashuka hadi kumi na moja, nikarudishiwa marafiki.

Sista Mizani
Kununiwa kwa kufaulu, umenirudisha bwenini kabisa. Mimi niliokolewa na mwalimu aliyekuwa haandiki maksi kwenye majaribio ya wiki. Pembeni ya jibu anaandika "Umejuaje?" basi. Unampelekea daftari, unamweleza, ndipo anatia vema. Mwanzoni nilimchukia, nataka maksi yangu nikalale. Nilichukua PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) kwa ajili yake. Alihamishwa tukiwa cha tatu, nusu ya mabinti wakakimbilia sanaa.

Mzee wa Kijiwe
Mama Kidato, mpeleke twisheni.

Kibirikizi
Twisheni ya nini, anajua huyo mtoto. Mtafutie shule ya wasichana tupu, serikali imejenga za sayansi mikoani.

Sista Mizani
Nimesoma wasichana tupu. Bureti tulivunja vilevile, ila hakuna aliyecheka.

Profesa Majani
Mwacheni aende HKL, mawakili wanakula vizuri.

Mama Kidato
Nimesoma yote, asanteni. Profesa, wewe nimekusamehe. Usiku huu nimemuuliza binti, mkifanya ile ya pendulamu, kitu kinachobembea kwenye uzi, nani anashika saa? Kasema Rama. Na kuhesabu mizunguko? Rama na mwenzake. Na wewe je? Akanionyesha daftari. Rula, wino wa rangi mbili, limepangika hasa. Kesho naenda shuleni, ila sijui naanzia kwa ticha au kwa Rama.

ChapatiYaMoto
Anza kwa Rama 😂

Fundi Bomba
Bureti shilingi ngapi? Hatujajibiwa.