Mjadala: Machinga wakiambiwa wahame mjini, watii tu au wajipange wagome?

Mleta mada (Mwanga, Kigoma):
Wakuu salaam. Kijiweni hapa Mwanga kuna jamaa kasema machinga akiambiwa hama ahame, mji uwe msafi, anayepinga anapinga maendeleo. Mi nakataa. 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu 20 kimoja, watu wakalipa wakijua sasa hawabughudhiwi, 2021 ikaja oda nchi nzima ya kuwapanga upya, tokeni barabarani. Mji siku hizi unaendeshwa kama kampuni, kila eneo linapigiwa hesabu litaingiza ushuru kiasi gani na mwekezaji gani apewe, mama wa dagaa na migebuka anakumbukwa siku ya kubomolewa meza. Durban wakazi wa mabanda walifunga barabara 2005 wakaunda umoja wao, Abahlali baseMjondolo, na 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikabatilisha kifungu cha sheria ya KwaZulu-Natal kilichokuwa kinawalazimisha wenye ardhi na halmashauri kufungua kesi za kuwaondoa. Hela hawakuwa nayo wale jamani, walikaa vikao.

Mchangiaji (Ujiji):
Mkuu nakuelewa ila mwenye fremu je? Analipa pango, leseni, TRA, halafu mtu anamwaga mitumba mlangoni kwake bidhaa zilezile. Na Durban katiba yao inataja haki ya makazi, sisi tutaenda mahakamani na nini?

Mleta mada:
Ibara ya 22 ya katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi, tuanzie hapo, japo mahakama peke yake haitoshi, hata Durban walianza mtaani. La fremu umegusa penyewe. Cochabamba kule Bolivia maji yalipewa kampuni binafsi 1999 bili zikapaa, mwaka 2000 wakasimama pamoja wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa umwagiliaji na watu wa mjini, mkataba ukavunjwa. Hapa kwetu mwenye fremu na machinga wanamaliziana hasira wenyewe kwa wenyewe wakati anayepanga ushuru na kugawa maeneo ni halmashauri ileile moja. Mi sisemi asihame mtu, nasema kabla ya kuhama tuambiwe kwa maandishi soko jipya lina choo na maji, daladala zinafika, ushuru shilingi ngapi na kwa muda gani, na nani anapata kizimba kwanza, maana vizimba hivi tunajua vinavyoishia kwa wenye ndugu. Wasipojibu hatubebi meza. Sasa ndugu yangu wa Ujiji, machinga wakiitisha kikao na nyie wa fremu mtakuja au mtatuma mgambo?