Namsema leo na mnamjua: mtu kapigiwa MAKOFI kwa ukurasa wa kuchagua lugha!!

Mlinzi wa Seva

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka maabara sasa hivi, hata daladala sijapanda, nimekaa kwenye benchi la mama wa mihogo naandika huku kidole kinatetemeka.

Ni yule yule. Msiniambie nimtaje, mnamjua. Yule ambaye kikao kikianza saa tatu yeye anaingia saa nne, na bado anaomba afungue kwa sala. Yule mwenye funguo hamsini kiunoni na hakuna mlango hata mmoja zinaofungua.

Kompyuta 42. Tangu Ijumaa jioni niko peke yangu na kompyuta 42 za mtumba, nusu zina baiosi (programu ya kuiamsha mashine) ya enzi za ujima, nusu UEFI, mrithi wake. Windows 10 wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, Windows 11 hizi mashine haziiwezi, nikaambiwa zote zihamishie Ubuntu, mfumo wa Linux. Sawa. Nikaandaa moja ikatulia, nikachukua imeji yake, yaani nakala ya diski nzima, nikasimamisha seva ya FOG, programu ya kusambaza imeji, igawe anwani za mtandao na zote zibuti (ziwake) kwa waya. Nikajisemea usiku mmoja nimemaliza, Jumapili niko kanisani kama watu.

Jumamosi asubuhi nawasha ya kwanza: PXE-E53, kosa la kubuti kwa waya. Ya pili ikabuti bila shida! Ya tatu PXE-E53. Narudi kwa ile ya pili, naizima naiwasha, nayo PXE-E53. Zikigoma zote unajua umekosea mahali. Lakini inayokubali na kukataa kama kiberiti kilicholowa, hiyo inakula akili ya mtu.

Faili la kubutia nimebadilisha, nikatoa undionly.kpxe ya baiosi nikaweka snponly.efi ya UEFI, nikarudisha, nikabadilisha tena. Opsheni 66 na 67, zinazoiambia mashine seva ni ipi na faili ni lipi, nimezikagua mpaka nimeziota. Secure Boot, ulinzi unaokataa faili la kubutia lisilosainiwa, nimezima mashine moja moja, zile zenye nayo. Faiawoli ya seva chini, mlango 69 wa kushushia faili uko wazi kama stendi. Waya saba nimezikata vichwa nikakrimpu upya. Kanisani sikwenda.

Leo saa nne, niko chini ya meza, mkuu wa chuo anaingia na wageni. Nyuma yake nani? Na kikombe cha chai. CHAI, wakuu. Akaangalia skrini, akacheka kwa pua. Akachomoa flashi kwenye yale mafunguo yake, akaichomeka. Ikaja ile skrini ya Windows ya kuchagua lugha. Akageuka kwa wageni: "Kumbe ni rahisi hivi."

Mkuu wa chuo akapiga makofi.

MAKOFI! Kwa ukurasa wa kuchagua lugha! Hakuna kilichowekwa! Hata kitufe cha kuendelea hakukigusa! Na flashi yenyewe ni ya Windows 10, ile ile iliyonilaza pale siku tatu nikiiondoa! Akachomoa flashi yake, akanigusa bega: "Kijana, teknolojia haitaki hasira." Akaondoka na chai yake.

Sasa sikieni. Walipotoka nikachomeka laptopu yangu, ikapewa anwani ya 192.168.0.107. Mtandao wangu mimi anwani zote zinaanza na 10.10.5. Huyu anayegawa 192.168 ni nani? Nikaacha ping (ile ya kuuliza "upo?" bila kukoma) inatembea kwenda 192.168.0.1, anwani ya huyo mgawaji, nikaanza kuchomoa waya kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote, mmoja mmoja. Wa kumi na saba, ping ikanyamaza. Nikaufuata. Ukapanda darini, ukapita juu ya choo cha wakufunzi, ukashuka ofisini kwa NANI? Chini ya meza kuna ruta ya waifai, ameichomeka kwa tundu la LAN (la mtandao wa ndani), inagawa anwani chuo kizima ili simu yake iangalie mpira. Na ameifunika kitambaa cha kudarizi kama televisheni ya bibi.

E53 maana yake mashine imepata anwani ila haijaambiwa ikachukue faili gani la kubutia. Ruta yake ikiwahi kujibu, mashine imekufa. Seva yangu ikiwahi, imebuti. Siku tatu nacheza bahati nasibu na mwenye tiketi ni yeye.

Halafu anapigiwa makofi.

kaka_raki

Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Binti Terminali

Ngoja kwanza. Siku tatu, na laptopu umekuja kuichomeka siku ya tatu? E53 ikitokea swali la kwanza ni nani kajibu, siyo waya. Jamaa ana makosa, ila na wewe makofi ulistahili. Ya shavuni.

Mlinzi wa Seva

Dada, nilichomeka JUMAMOSI. Ikanipa 10.10.5.31, seva yangu ndiyo iliwahi siku hiyo, nikaamini mtandao ni mzima. Hilo ndilo linaloniuma. Na hukuwepo kuyasikia yale makofi. Yalikuwa mawili tu, lakini maabara haina mapazia, yakatoa mwangwi.

Msukuma wa Swichi

Funguo kiunoni, chai mkononi, sala ya kufungua kikao... huyo si yuko kwetu Mwanza? Amehamia kwenu lini?

nyundo ya mbao

Hajahama, yuko Dodoma. Nimemwona leo leo korido.

jirani_254

Pole sana bro. Hata sisi huku Nairobi tuko na yeye. Huyu wetu alipata waya inaning'inia, akasema ofisi haikai smati, akachukua zile pande zote mbili akachomeka kwa swichi moja. Mtandao yote ikazunguka ikalala, tukakaa kutoka asubuhi hadi saa nane tukitafuta. Si mdosi akamshukuru kwa kupanga waya?

Mlinzi wa Seva

Walimpigia makofi?

jirani_254

Hapana.

Mlinzi wa Seva

Basi bado hujanifikia.

fundi_kimya

Mkuu punguza presha. Hiyo dawa yake ni DHCP snooping, ulinzi wa ugawaji wa anwani, kwenye swichi: unaamini mlango mmoja tu, ule wa seva, mingine ikijaribu kugawa anwani inazibwa. Ruta yake ingejifia kimya kimya na yeye angekuja kwako kulalamika simu haishiki.

Mlinzi wa Seva

Swichi yangu ni ile ya Kariakoo ya bei ya kilo chache za nyama. Haina hata anwani yake yenyewe, iniwekee ulinzi? Niliomba ya maana mwaka jana. Mnajua nani alisimama kwenye kikao akasema "iliyopo inatosha, mbona taa zinawaka"? Mnamjua.

Mpemba Mtandaoni

Yakhe, baada ya kuitoa hiyo ruta mashine zilibuti au bado wazikrimpu waya?

Mlinzi wa Seva

Zimebuti. 41. Moja pawa saplai imekufa, hiyo simlaumu mtu. Nikarusha imeji ya GB 14 kwa maltikasti, zote zinapokea kwa pamoja, kwa swichi hii ya megabiti 100 ikachukua kama dakika ishirini. Nimelia siku tatu kwa kazi ya dakika ishirini!

Nilikuwa sitaki kuliandika hili lakini acha niliandike. Saa tisa mkuu wa chuo kapita, kaona zote zinawaka Ubuntu. Unajua kasemaje? "Ile flashi imesaidia sana."

kaka_raki

😭😭😭 nimemwaga karanga

Povu la OMO

Povu limefika hadi Kigamboni, tumeanza kufua.

Mama Keibodi

Mimi nimebaki kwenye lugha. Alichagua Kiswahili?

Mlinzi wa Seva

HAKUGUSA KITU. Mara ngapi niandike? Alichomeka, ikaja skrini, akageuka, makofi. Basi!

Diski Tupu

Nyie mnalia na ruta. Kaeni chini niwape uzi ndani ya uzi.

Kwetu tulipata SSD mpya za GB 240 za kuweka badala ya zile diski za zamani za GB 500 zinazokoroma. Mjuaji wetu (huyo huyo, naona ana matawi nchi nzima) akasema mashine ya mhasibu ataifanya mwenyewe, maana ni "nyeti". Kwanza akaifomati SSD mpya ili iwe "safi". Akazichomeka zote mbili, akafungua Clonezilla, programu ya kunakili diski, diski kwenda diski. Inakuuliza chanzo ni ipi, unakopeleka ni ipi. Moja imeandikwa sda, moja sdb. Kwake zinafanana.

Sasa angalieni maajabu. Angechagua sawasawa, ingemgomea, maana diski ya 500 haiingii kwenye ya 240 mpaka uanze kwa kupunguza patisheni (vile vyumba vya diski). Angekwama, angeniita, tungepona. Alipochagua kinyume, ya 240 kwenda kwenye ya 500, ikakubali vizuri kabisa! Nafasi tele! Na ile programu inakuuliza mara mbili kama una uhakika, inakwambia kila kilichomo kitafutika. Akabonyeza y, akabonyeza y tena. Mtu anajiamini.

Ikaisha upesi hata chai haijapoa. Akatoka ofisini anajisifu: "SSD zina spidi jamani." Bwana, ulikuwa unanakili UTUPU. Umechukua diski isiyo na kitu ukaimwaga juu ya vocha za miaka minne.

Binti Terminali

Mungu wangu. "SSD zina spidi jamani." Nacheka na machozi. Hii ndiyo ilistahili uzi wake.

Msukuma wa Swichi

Bakapu?

Diski Tupu

Ilikuwepo. Kwenye patisheni D. Ya diski hiyo hiyo.

kaka_raki

Nimehamia kwa Diski Tupu. Wenye uzi samahani.

Mlinzi wa Seva

Jamani uzi ni wangu. Pole kwa mhasibu, lakini turudi kwenye makofi.

nyundo ya mbao

Mhasibu alifanyaje?

Diski Tupu

Alikaa. Alikaa tu kwenye kiti, anaangalia ukutani. Baadaye akauliza kwa upole kabisa, "Na fomu za posho zilikuwa humo?"

Mzee wa Bahasha

Hapo kwenye posho ndipo penyewe. Mlinzi wa Seva, hizo Jumamosi na Jumapili umelipwa?

Mlinzi wa Seva

Mzee, ulikuwa umenyamaza vizuri.

Nimepita kwa mhasibu wetu leo. Fomu ya kazi za wikiendi imeshasainiwa, ina jina moja. Siyo langu.

Mzee wa Bahasha

😂 Nilijua. Mimi nilisafiri kufunga seva kwenye matawi manne, posho ikasainiwa na dereva, mtu wa manunuzi, na mwingine "msimamizi" ambaye hadi leo sijawahi kumwona. Mimi nikaambiwa ni sehemu ya majukumu yangu.

Mama Keibodi

Afadhali yako ulisafiri. Sisi mafunzo yalifanyika ukumbi wa jirani ili tusiitwe tumetoka nje ya kituo. Tukapewa soda, na chupa tukatakiwa kurudisha.

jirani_254

Soda ni nini 😂 sisi tulipewa maji nusu lita na ukapigwa picha ukishika.

fundi_kimya

Turudi kwenye mada kidogo. Wenye UEFI mkiona imeandika faili imeshuka salama halafu inarudi kwenye menyu, ni kwamba mmeipa undionly.kpxe ambayo ni ya baiosi. Seva ya DHCP inatakiwa isome aina ya mashine kwenye opsheni 93 ndipo itoe faili.

Povu la OMO

Fundi Kimya, nani kakuuliza? Watu wanaongea soda hapa.

Mzee wa Bahasha

Chupa mlirudisha?

Mama Keibodi

Mmoja aliondoka nayo. Kikao kizima cha Jumatatu kilikuwa cha chupa.

Mpemba Mtandaoni

Mwenye uzi, umesema uko kwa mama wa mihogo. Ni yule wa pale chini ya mwembe, anayeweka kachumbari na pilipili ya ukwaju?

Mlinzi wa Seva

Huyo huyo. Lakini hamjanijibu, NI HAKI MTU APIGIWE MAKOFI KWA

Mpemba Mtandaoni

Pilipili ipo au imekwisha?

Mlinzi wa Seva

Ipo kidogo, chini ya ndoo.

Msukuma wa Swichi

Kipande bei gani siku hizi?

Mlinzi wa Seva

Mia tano. Vile vikubwa vimeisha, vimebaki vya pembeni, vile vikavu.

Mpemba Mtandaoni

Vikavu ndivyo nivipendavyo. Mwambie aniwekee vya elfu mbili, nashuka kituo sasa hivi. Na wewe usogee kwenye benchi.